Mwongozo kamili kwa mzazi: Wilaya ya shule za umma ya Kaunti ya Jefferson, Kentucky, inavyoendeshwa na nani anaamua nini

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zimefanya makazi Louisville, mji mkubwa kuliko yote ya jimbo la Kentucky nchini Marekani, na wengi wao ni Wakongo waliokaa miaka mingi katika kambi za Tanzania, Uganda, Burundi au Rwanda kabla ya kuletwa huku kama wakimbizi. Watoto wao husoma katika Shule za Umma za Kaunti ya Jefferson, ambazo kila mtu hapa huziita JCPS, wilaya yenye wanafunzi zaidi ya 90,000 na kubwa kuliko nyingine zote jimboni. Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zinazozungumzwa zaidi majumbani mwa wanafunzi hao baada ya Kiingereza na Kihispania. Pamoja na wingi huo, sauti ya wazazi wetu husikika kwa nadra pale maamuzi yanapofanywa, na naamini sababu kubwa ni kwamba jambo la mtoto hupelekwa kwa mtu asiye na mamlaka nalo, likalala hapo, na mzazi akakata tamaa. Mwongozo huu unaeleza nani anaamua nini, kuanzia jimbo hadi darasani, na mzazi aingie kwa mlango gani.

Hatua ya 1: Jua mamlaka yanatoka wapi

Katiba ya Marekani haisemi lolote juu ya elimu, na kwa Rekebisho lake la Kumi mambo ambayo serikali kuu haikupewa yamebaki mikononi mwa majimbo. Ndiyo maana hakuna wizara ya taifa inayomwajiri mwalimu wa Louisville au kumhamisha, kama ambavyo mzazi aliyesoma Tanzania au Kongo angetarajia. Katiba ya Kentucky, katika kifungu cha 183, inaliagiza Bunge la jimbo liweke mfumo madhubuti wa shule za umma katika jimbo zima. Mwaka 1989, baada ya wilaya maskini kufungua kesi, Mahakama ya Juu ya Kentucky ilitamka kwamba mfumo wote uliokuwapo haukutimiza agizo hilo, na mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria ya mageuzi ambayo matunda yake yanaonekana hadi leo katika kila shule: mabaraza ya shule, vituo vya familia na kanuni ya kugawa fedha vyote vilizaliwa hapo.

Mtu aliyetoka Kenya anapaswa kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu kule, kwa Katiba ya 2010, serikali ya kaunti inashughulikia elimu ya awali na vyuo vya ufundi vya vijijini, huku walimu wa msingi na sekondari wakiajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Huku wilaya ya shule imepewa mipaka ya kaunti, lakini ni chombo kinachojitegemea, chenye bodi yake, kodi yake, mabasi yake na waajiriwa wake. Meya wa Louisville hamwajiri mwalimu wala hafungi shule siku ya theluji.

Kentucky ina kaunti 120 na wilaya za shule 171, kwa kuwa baadhi ya miji midogo imebaki na wilaya zake. Ndani ya Kaunti ya Jefferson yenyewe upo mji wa Anchorage wenye wilaya yake ndogo, ilhali mji wa Louisville uliunganisha shule zake na za kaunti mwaka 1975. Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, hakikisha anwani hiyo imo katika wilaya gani na mtoto atapangiwa shule ipi, kwa maana nyumba mbili zilizo karibu zinaweza kuwa katika maeneo tofauti ya shule.

Hatua ya 2: Ifahamu Bodi ya Elimu, uwezo wake na mipaka yake

Wilaya nyingi za Kentucky zina wajumbe 5 wa bodi. Jefferson ina 7, kila mmoja akichaguliwa na wakazi wa eneo lake kwa kipindi cha miaka 4. Uchaguzi hufanyika Novemba ya miaka inayogawanyika kwa mbili, hauna vyama kwenye karatasi ya kura, na wajumbe hawachaguliwi wote kwa mara moja, hivyo bodi haibadiliki yote kwa mkupuo. Anayegombea anatakiwa awe na umri usiopungua miaka 24, awe mkazi raia wa Kentucky kwa miaka 3 iliyotangulia, awe mpiga kura wa eneo hilo na awe amemaliza darasa la 12 au kupata cheti kinacholingana nalo. Hakuna sharti la shahada. Vijana wetu walioletwa wakiwa watoto, ambao sasa ni raia na wamevuka umri huo, wana sifa zote.

Bodi ina kazi chache lakini nzito: kumwajiri Msimamizi Mkuu wa Shule na kumpima, kupitisha bajeti, kupanga kiwango cha kodi, kutunga sera, kuidhinisha kalenda, mikataba na ujenzi, na kusikiliza mashauri ya kumfukuza mwanafunzi kabisa. Mjumbe mmoja akiwa nje ya kikao hana mamlaka ya kuamuru lolote, kwa sababu nguvu ya bodi imo katika kura inayopigwa hadharani.

Hapa pana jambo ambalo watu wetu hujikwaa nalo. Sheria ya Kentucky inamzuia mjumbe wa bodi kushawishi ajira yoyote katika wilaya isipokuwa ya Msimamizi Mkuu na ya mwanasheria wa bodi. Ukimfuata mjumbe, hata kama ni jirani mwema au mwenzako wa kanisani, ukamwomba amtafutie ndugu yako kazi ya udereva au ya jikoni, unamweka katika hatari ya kupoteza kiti chake. Mwombee ndugu yako kazi kupitia ofisi ya ajira, na kwa mjumbe peleka masuala ya sera.

Hatua ya 3: Tofautisha Msimamizi Mkuu na bodi

Msimamizi Mkuu ndiye mtendaji wa juu kabisa wa wilaya. Anaajiriwa na bodi kwa mkataba usiozidi miaka 4, na yeye ndiye anayeajiri, kupandisha na kuwahamisha wafanyakazi wengine wote. Chini yake wapo wakuu wa idara za taaluma, fedha, uendeshaji, rasilimali watu na huduma za wanafunzi, na wapo pia wasaidizi wake ambao kila mmoja anasimamia kundi la shule na wakuu wake. Kwa mzazi, huyu msaidizi wa kundi la shule ndiye mtu muhimu wa kumjua jina, kwa sababu jambo likimshinda mkuu wa shule hupanda kwake kabla ya kufika kwa Msimamizi Mkuu.

Mgawanyo huu ulionekana waziwazi mwaka 2023. Uongozi wa wilaya ulipendekeza saa mpya za kuanza masomo na njia mpya za mabasi ili kukabiliana na upungufu wa madereva, na bodi ikapitisha. Siku ya kwanza ya masomo, tarehe 9 Agosti, watoto wa mwisho walifikishwa nyumbani karibu saa nne za usiku, na shule zikafungwa kwa zaidi ya wiki nzima ili mpango urekebishwe. Aprili 2024 bodi ilipiga kura ya kuondoa usafiri kwa wanafunzi wengi wa shule maalumu za kuchaguliwa (magnet, ambazo mzazi huziombea nafasi) na zile za mtindo wa jadi. Anayetaka kujua ni nani aliyeleta wazo na ni nani aliyelipitisha hana haja ya uvumi, kwa kuwa mapendekezo ya Msimamizi Mkuu huwekwa kwenye ajenda na kura ya kila mjumbe huandikwa katika muhtasari wa kikao, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma.

Hatua ya 4: Litumie baraza la shule

Kati ya vyombo vyote vya wilaya, hiki ndicho ningetaka kila mzazi akijue. Karibu kila shule ya umma ya Kentucky ina baraza lake la maamuzi, na muundo wake wa kawaida ni walimu 3, wazazi 2 na mkuu wa shule ambaye ndiye mwenyekiti. Walimu huchaguliwa na walimu wenzao. Wazazi huchaguliwa na wazazi wa watoto wanaosoma hapo, katika uchaguzi unaoendeshwa na chama cha wazazi na walimu cha shule hiyo, na kipindi cha kawaida ni mwaka mmoja.

Katika uchaguzi wa bodi, asiye raia hapigi kura. Katika uchaguzi wa baraza la shule, kigezo ni kuwa mzazi, mzazi wa kambo, mlezi wa kambo au mlezi wa kisheria wa mwanafunzi wa shule hiyo. Mama aliyefika mwaka jana, ambaye bado anasubiri miaka ya kuomba uraia itimie, ana haki ya kupiga kura hiyo na hata kugombea, ilimradi asiwe mwajiriwa wa shule hiyo wala ndugu wa karibu wa mwajiriwa wake. Akishinda, rekodi zake za jinai zitakaguliwa, na atapewa mafunzo ya saa 6 kwa mwaka wake wa kwanza. Zaidi ya hayo, shule ambayo asilimia 8 au zaidi ya wanafunzi wake ni wa jamii za wachache inatakiwa iwe na angalau mjumbe mmoja kutoka jamii hizo. Kama uchaguzi wa kawaida haukumpata, mkuu wa shule anawajibika kuitisha uchaguzi mwingine wa kumwongeza mzazi, na walimu nao huongeza mwenzao.

Baraza linaamua, ndani ya fedha zilizotengwa, shule iwe na walimu wangapi na wasaidizi wangapi wa kila aina. Ndilo linalotunga sera za ratiba ya siku, matumizi ya vyumba, nidhamu ya darasani na shughuli za nje ya masomo. Fikiria maana yake kwa shule yenye watoto wengi wanaojifunza Kiingereza: swali la kama nafasi iliyobaki ijazwe na msaidizi wa lugha au na mtu mwingine hujadiliwa hapo mezani, na watu sita, saba au wanane. Sheria ya mwaka 2022 ililipunguzia baraza nguvu, kwa kuwa sasa mtaala na uteuzi wa mkuu wa shule vimehamia kwa Msimamizi Mkuu, ambaye anatakiwa kushauriana na baraza kwanza. Binafsi naona upungufu huo ni hasara, ila sioni kama ni sababu ya kuviacha viti vya wazazi vikigombewa na watu walewale.

La kufanya ni hili: mwezi Aprili au hata mapema, pita ofisini umuulize karani tarehe ya uchaguzi wa wazazi wa baraza na mwisho wa kupendekeza majina. Kisha hudhuria kikao kimoja kama msikilizaji, kwa kuwa vikao vyake viko wazi kwa umma.

Hatua ya 5: Fuata fedha

Fedha za wilaya zinatoka sehemu tatu, yaani jimbo, kodi za wenyeji na serikali kuu. Jimbo hugawa kwa kanuni inayojulikana kama SEEK, ambayo huweka kiwango cha msingi kwa kila mwanafunzi na kuongeza kulingana na mahitaji yake. Kwa mwaka wa fedha 2025–26 kiwango cha msingi ni dola 4,586. Mwanafunzi mwenye haki ya chakula cha bure huongezewa asilimia 15 ya kiwango hicho, yaani takriban dola 688, na anayejifunza Kiingereza huongezewa asilimia 9.6, yaani takriban dola 440. Kwa hiyo mtoto mmoja mwenye sifa hizo mbili anahesabiwa kwa takriban dola 5,714 kabla ya nyongeza ya usafiri. Mtoto mwenye ulemavu huongezewa zaidi, na kwa ulemavu mzito nyongeza hiyo huzidi mara mbili ya kiwango cha msingi. Wilaya nayo hutakiwa kuchangia kwanza senti 30 kwa kila dola 100 za thamani ya mali zilizo ndani ya mipaka yake, kisha jimbo hujazia kilichobaki. Wilaya yenye nyumba za bei kubwa hupata kidogo kutoka jimboni, na wilaya maskini hupata zaidi.

Hesabu hii inategemea wastani wa mahudhurio ya kila siku. Kuandikishwa peke yake hakutoshi. Ndiyo sababu shule hupiga simu asubuhi mtoto asipoonekana, na ndiyo sababu barua za utoro huja haraka: kwa sheria ya Kentucky, mwanafunzi akikosa siku 3 bila sababu inayokubalika, au akichelewa siku 3, tayari anahesabiwa mtoro, na akifika mara 6 anaitwa mtoro sugu na jambo linaweza kufika mahakamani. Mtoto akiugua, andika barua fupi yenye tarehe na uipeleke ofisini. Kukaa kimya ndiko kunakogeuza homa ya siku tatu kuwa kosa.

Kodi ya nyumba na ardhi hupangwa na bodi kila mwaka. Kiwango kinachoongeza mapato kwa zaidi ya asilimia 4 kinaweza kupingwa kwa saini za wapiga kura na kupelekwa kwenye sanduku la kura. Mwaka 2020 bodi ya Jefferson iliongeza senti 7 kwa kila dola 100, wapinzani wakakusanya saini, shauri likafika Mahakama ya Juu ya jimbo, na ongezeko likasimama. Anayepanga nyumba asidhani kodi hii haimgusi, maana mwenye nyumba huiingiza ndani ya kodi ya pango.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Bodi inatakiwa kuchunguza hadharani makadirio ya mapato na matumizi ifikapo tarehe 31 Januari, kupitisha bajeti ya awali ifikapo 30 Mei na bajeti ya kazi ifikapo 30 Septemba. Wazazi wengi huja kulalamika Agosti kwamba nafasi ya mkalimani imefutwa shuleni kwao, wakati ambapo uamuzi ulishapitishwa miezi mingi nyuma. Wakati wa kusema ni kati ya Januari na Mei.

Hatua ya 6: Mwandikishe mtoto kwa mpangilio

Elimu ni ya lazima kuanzia miaka 6 hadi 18. Mtoto aliyetimiza miaka 5 ifikapo tarehe 1 Agosti anaweza kuanza chekechea, na kijana ambaye hajamaliza sekondari ana haki ya kusoma hadi atimize miaka 21. Mueleze hivyo kijana wa miaka 18 au 19 anayeambiwa na wenzake kwamba umri umempita na aende moja kwa moja kazini.

Kuhusu nyaraka, leta uthibitisho wa umri, uthibitisho wa makazi, cheti cha chanjo kwenye fomu ya Kentucky na ripoti ya uchunguzi wa afya. Watoto wadogo wanaoanza shule huhitaji pia uchunguzi wa macho na meno. Cheti cha kuzaliwa kisipokuwapo, uthibitisho mwingine wa kuaminika hukubalika. Leta ripoti za shule ulizo nazo, ziwe za Kifaransa au za Kiswahili, kwa kuwa masomo ya sekondari aliyoyafaulu mtoto yanaweza kuhesabiwa katika alama zake za kuhitimu. Wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari kama siku ya kuzaliwa, na tarehe hiyo ndiyo itakayotumika kumpanga darasa. Kama kuna hati yenye tarehe sahihi, itoe mwanzoni, maana kubadilisha baadaye ni kazi ndefu.

Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1982, hakuna shule ya umma inayoweza kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji, na hulazimiki kutoa namba ya hifadhi ya jamii. Familia isiyo na makazi ya kudumu, ikiwamo inayolala kwa ndugu kwa kukosa nyumba, ina haki ya mtoto kupokelewa papo hapo hata kabla nyaraka hazijakamilika.

Wanafunzi wapya wa darasa la 6 hadi la 12 ambao Kiingereza chao bado ni kichanga wanaweza kuanzia Newcomer Academy, shule ya wilaya iliyowekwa kwa ajili yao. Kwa shule maalumu za kuchaguliwa, maombi hupokelewa katika miezi ya mwisho ya mwaka unaotangulia. Uliza kwanza kama zina basi, kwa sababu tangu 2024 jibu halifanani kwa shule zote.

Hatua ya 7: Shika haki ya lugha

Siku ya kuandikisha utapewa fomu fupi inayouliza mtoto alianza kusema lugha gani, anazungumza lugha gani zaidi, na nyumbani panasemwa lugha gani. Baadhi ya wazazi huandika Kiingereza kote wakidhani mtoto ataonekana amechelewa akiandikiwa Kiswahili. Fomu hiyo ndiyo mlango wa huduma za lugha. Ukiandika ukweli, mtoto hupimwa, na akionekana anahitaji msaada hutengenezewa mpango wa maandishi unaoonyesha atafundishwaje na atapewa nafuu gani katika mitihani, kama vile muda wa ziada. Kila mwaka, karibu Januari na Februari, hufanya mtihani wa kupima kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika Kiingereza, hadi afikie kiwango cha kutoka katika mpango. Mzazi anaweza kukataa huduma, lakini mtihani wa kila mwaka utaendelea; sioni faida ya kukataa bila kuzungumza kwanza na mwalimu wa lugha.

Mzazi mwenyewe naye ana haki. Kwa sheria ya haki za raia ya mwaka 1964, wilaya inatakiwa kumpa taarifa muhimu kwa lugha anayoielewa, bila malipo. Omba mkalimani siku kadhaa kabla ya mkutano, na useme ni Kiswahili cha wapi unachokielewa vizuri, au kama ungependa Kinyarwanda, Kirundi au Kifaransa. Usimtumie mtoto kutafsiri mkutano unaomhusu yeye. Unamtwika mzigo usio wake, na huna uhakika wa kilichosemwa.

Hatua ya 8: Omba tathmini ya mahitaji maalumu kwa maandishi

Ukiona mtoto anapata shida ambayo lugha peke yake haiielezi, na ulikuwa unaiona hata alipokuwa akisoma kwa Kiswahili au Kifaransa, mwandikie mkuu wa shule: "Naomba mwanangu, mwanafunzi wa darasa la 4, afanyiwe tathmini ya elimu maalumu. Hata kwa Kiswahili hawezi kusimulia kisa kifupi alichosomewa. Naomba mkalimani wa Kiswahili katika mikutano yote." Weka tarehe, saini, na ubaki na nakala. Barua inaweza kuwa ya Kiswahili.

Wilaya ikikubali, itakuomba idhini ya maandishi, na tangu siku inapoipokea ina siku 60 za shule za kukamilisha tathmini na, mtoto akistahili, kuanza huduma. Uamuzi hufanywa na kamati ambayo mzazi ni mjumbe kamili, na kwa kawaida unatakiwa kupewa taarifa ya kikao siku 7 kabla. Kamati ndiyo inayoandika mpango wa elimu wa mtoto binafsi, ambao wote hapa huuita IEP. Usisaini chochote siku hiyohiyo kwa sababu watu wana haraka. Unaruhusiwa kwenda nacho nyumbani na kukisoma kwa msaada.

Hatua ya 9: Nidhamu

Mkuu wa shule anaweza kumsimamisha mwanafunzi, lakini kabla ya hapo sharti mtoto aelezwe kosa analotuhumiwa, aonyeshwe ushahidi uliopo, na apewe nafasi ya kueleza upande wake. Kumfukuza kabisa ni kazi ya bodi peke yake, baada ya kumsikiliza. Ukipigiwa simu, uliza mambo matatu: ni kosa lipi katika kanuni za wilaya, ni siku ngapi, na rufaa inapelekwa kwa nani. Wazazi waliolelewa katika heshima ya kutombishia mwalimu huona kuuliza hivyo ni utovu wa adabu, ilhali huku mzazi asiyeuliza huchukuliwa kuwa amekubali. Uliza kwa upole, na uulize yote.

Hatua ya 10: Panda ngazi kwa mpangilio

Jambo la darasani huanza kwa mwalimu. Likishindikana, nenda kwa mshauri wa wanafunzi au mkuu wa shule, kisha kwa msaidizi wa Msimamizi Mkuu anayesimamia shule hiyo, kisha kwa Msimamizi Mkuu. Shida za nguo, viatu, miwani au chakula cha nyumbani usizipandishe juu. Zipeleke kwa mratibu wa kituo cha familia kilichomo ndani ya shule nyingi, ambaye kazi yake ni hiyo hasa.

Kila hatua iache maandishi. Baada ya mazungumzo ya simu tuma ujumbe mfupi wenye tarehe, jina la uliyezungumza naye na mlichokubaliana. Una haki ya kuona rekodi za mtoto wako, na shule haitakiwi kukuchelewesha zaidi ya siku 45. Nyaraka nyingine za wilaya, kama mikataba na ripoti, huombwa chini ya sheria ya Kentucky ya rekodi za umma.

Suala likiwa la sera au la shule nyingi, lipeleke kwa bodi. Tangu 2022 sheria inaitaka kila bodi ya shule Kentucky itenge angalau dakika 15 za kuwasikiliza wananchi katika kila kikao cha kawaida, mradi kuna waliojiandikisha. Jiandikishe mapema na uombe mkalimani wakati huohuo. Dakika utakazopewa ni chache na wajumbe kwa kawaida hawajibu papo hapo, kwa hiyo sema shule gani, tatizo gani, tangu lini, na unaomba bodi ifanye nini. Familia nne zenye tatizo moja zikijiandikisha pamoja, kila moja ikaeleza kipande chake, zina uzito kuliko mtu mmoja anayejaribu kusema yote. Leta pia nakala 7 za maelezo yako, moja kwa kila mjumbe.

Malalamiko ya elimu maalumu yanaweza kupelekwa Idara ya Elimu ya Kentucky. Ya ubaguzi wa rangi, asili, lugha au ulemavu hupelekwa Ofisi ya Haki za Raia ya Idara ya Elimu ya Marekani, kwa kawaida ndani ya siku 180 tangu tukio, na siku hizo zinaendelea kuhesabika hata wakati unaendelea kuzungumza na wilaya.

Kwa wanaoishi majimbo mengine

Maryland ina wilaya 24 tu, moja kwa kila kaunti pamoja na mji wa Baltimore, na bodi zake hazipangi kodi, bali hutegemea fedha kutoka baraza la kaunti. Huko mzazi anayedai bajeti lazima azungumze na madiwani pia. Florida ina wilaya 67, moja kwa kila kaunti, na katika baadhi yake Msimamizi Mkuu huchaguliwa na wapiga kura moja kwa moja. Mabaraza ya shule yenye nguvu za kisheria kama ya Kentucky hayapo kila jimbo. Hivyo ukihamia kwingine, anza kwa kuuliza karani wa shule maswali manne: bodi inachaguliwaje, nani anapanga kodi, shule ina baraza la namna gani, na ofisi ya lugha ya wilaya iko wapi.